Fishi za Waliopotea Machoni

Miaka ile ya vita nilikuwa mtunza rejista katika zahanati ya kifua kikuu hapa Bujumbura. Nilikuwa nimeanza kusomea udaktari, chuo kikavurugika, wenzangu wakatawanyika, nami nikabaki na kitu kimoja cha kujivunia: hesabu. Wauguzi walinitania wakiniita Mama Asilimia, na wala sikukasirika. Mjini kila mtu alikuwa na habari zake na hakuna aliyejua zipi ni za kweli. Mimi angalau namba zangu zilikuwa zinalingana.

Kazi ilikuwa hivi. Kila mgonjwa alikuwa na fishi mbili, karatasi ngumu za kijani zenye jina lake na tarehe za dawa. Moja alikwenda nayo nyumbani, nyingine ilikaa kwenye droo karibu na dirisha la dawa. Akija kuchukua vidonge vya mwezi, muuguzi aliitoa ile ya droo, akaipiga muhuri, akampa dawa. Katika rejista, aliyepona nilimwandika kwa wino wa bluu, aliyekufa kwa wino mwekundu, na asiyeonekana nilimwandika kwa penseli. Hao wa penseli Kifaransa kinawaita perdus de vue, waliopotea machoni. Penseli ilikuwa na maana yake, kwa sababu wengi walirudi. Barabara ilifungwa, mtaa ulihamwa, mtu alijificha kwa ndugu zake Kibenga wiki kadhaa, kisha asubuhi moja unamwona dirishani na vumbi mpaka magotini. Nilikuwa nachukua kifutio nafuta. Sijapata tena kazi niliyoipenda kama kufuta zile alama.

Miongoni mwa wagonjwa wetu alikuwamo mama yangu mdogo. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa fundi wa vitenge pale Bwiza, na ukoo wetu wa kwa mama uko Uvira, ng'ambo ya mpaka. Hakuwahi kuniomba nimpitishe mlango wa nyuma. Zilikuwa siku za vikwazo vya nchi jirani, dawa zilikuja kwa tabu, na watu kwenye foleni walikodoa macho kuona nani anapewa kwa kujuana. Kwa hiyo tulikubaliana bila kukubaliana: akifika zahanati hanijui, nami simjui. Alipanga foleni kama wenzake, akachukua dawa zake, akaondoka bila hata kunitazama. Jumapili nilikwenda kwake tukala, tukacheka jinsi tulivyoigiza.

Alikuwa anaendelea vizuri. Kikohozi kilikuwa kimepungua na mashavu yalikuwa yamerudi. Ndipo akapata habari ya msiba Uvira, akavuka kwenda kuzika. Siku chache baadaye vita vikapamba moto huko nako, mpaka ukafungwa. Niliwauliza wanawake wanaouza sabuni na mawese kila walipofanikiwa kupita, na hakuna aliyekuwa amemwona. Mwezi wa dawa zake ulipopita nikamwandika kwa penseli. Nilijiambia kwamba penseli ni penseli, hufutika.

Wakati huohuo daktari wetu alikuwa anaandika makala ya jarida moja la Ulaya. Sitaki mtu amwone kama mtu mbaya. Alikuwa mpole, na aliamini kwamba wafadhili wakiona zahanati inaponya watu katikati ya vita hawatathubutu kutukatia dawa. Tatizo lilikuwa kwenye mgawanyo. Tukiwagawanya waliopona kwa wote walioanza matibabu, asilimia ilitoka ya kutia aibu. Tukiwagawanya kwa waliomaliza tu, yaani tukiwaacha nje wale wa penseli, asilimia ilipendeza kuitazama. Alinieleza kwamba hilo linaruhusiwa: asiyerudi ana sababu zake, na sababu hizo hazihusiani na dawa, kwa hiyo kumwacha nje hakuharibu kitu.

Nilijua haikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyeshika rejista, na niliona kwamba alama za penseli hazikutawanyika ovyo. Zilifuata mitaa. Mtaa ukichomwa leo, mwezi unaofuata penseli zinajaa kwenye anwani za mtaa huo. Nilimwambia mara moja, kwa sauti ya chini. Akanijibu kwamba ni kweli, lakini makala haiwezi kubeba vita vyote, na mimi nikarudi kwenye hesabu zake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefurahi kuombwa kuandika jedwali. Nilijiona nimerudi chuoni.

Kilichonisumbua kilikuwa kingine, na hapa ndipo nataka kusema wazi. Kila mgonjwa wa penseli alipotokea dirishani, muuguzi alipiga muhuri fishi yake na mimi nikalazimika kukokotoa upya jedwali lote. Wiki moja nililikokotoa mara tatu. Nilichoka, nikakasirika, na nikapata wazo: tufunge hesabu, fishi zote za penseli zitoke kwenye droo, ziwekwe kwenye katoni stoo, muhuri usizifikie tena. Daktari alisema ni wazo zuri. Lilikuwa langu.

Nilizitoa mwenyewe. Nilipofika kwenye ya mama mdogo nilisita, nikaishika. Ningeweza kuiacha, hakuna ambaye angejua. Lakini nikaona huko kutakuwa kujuana kulekule tulikokukataa, nikaiweka kwenye katoni pamoja na nyingine. Nilijisikia mtu mwadilifu sana siku hiyo.

Asubuhi aliyorudi, mimi sikuwapo. Nilikuwa Kiriri, nyumbani kwa daktari, kulikokuwa na umeme wa kuaminika na mashine ya kuandikia, napiga chapa makala. Mama mdogo alivuka na wafanyabiashara, begi lake limebaki huko na fishi yake ya nyumbani ndani yake. Alisimama kwenye foleni tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika muuguzi, mgeni kazini, alitafuta kwenye droo, hakuona kitu. Amri ilikuwa kwamba asiye na fishi hapewi dawa. Alimwambia arudi Jumatatu mtunza rejista akiwepo. Mama mdogo hakubisha. Alikaa kwenye benchi mpaka mchana, labda akitumaini nitatokea, kisha akaenda zake.

Jumatatu hakuja. Muuguzi yule ndiye aliyenisimulia, kama jambo la kupita tu, kwamba kulikuja mama mwembamba wa Bwiza anayekohoa. Nilikwenda stoo nikapekua ile katoni, kisha nikatoka na dawa mkononi bila kuaga mtu.

Chumba chake kilikuwa kimepangishwa kwa wengine. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya jirani, amelala kwenye mkeka, na nilipomwona nilijua kwa macho ya kazi yangu kwamba tumechelewa. Nilimuuliza kwa nini hakusema pale dirishani kwamba mimi ni mtoto wake. Wangenitafuta hata Kiriri.

"Mi sikutaka waseme unanipatia dawa juu we ni mutoto yangu," alisema. "Kazi yako iko ya heshima. Nilisema fishi itaonekana tu."

Sikumwambia ilikuwa wapi. Nilikuwa na muda wa kumwambia, maana aliishi wiki chache zaidi, nami nilimpa vidonge kwa mkono wangu kila siku. Kila siku nilikusudia, na kila siku nilimwambia habari nyingine. Tulimzika hapa hapa mjini, kwa sababu kumvusha haikuwezekana.

Baada ya msiba nilikwenda kwa daktari nikamwomba tubadilishe jedwali. Nilisema yule si aliyepotea tena, tunajua alipo, na pengine wako wengine kama yeye. Alinipa pole, na nadhani alihuzunika kweli. Kuhusu utafiti wetu akasema, "Étude ilisha kufungwa. Muache pale alipo." Nikamwacha.

Makala ilitoka. Daktari aliniletea nakala kwa furaha, na mwishoni kulikuwa na mstari wa shukrani kwa mtunza rejista kwa uangalifu wake. Dawa ziliendelea kuja, siwezi kukana, na wako watu wanaotembea leo kwa sababu hiyo. Nililikagua jedwali tarakimu kwa tarakimu, nikitamani nikute kosa, nipate cha kulalamikia. Halikuwepo. Chini yake kulikuwa na sentensi moja: wagonjwa waliopotea machoni hawakuingizwa katika hesabu. Sentensi hiyo niliipiga chapa mimi, kule Kiriri, asubuhi ileile ambayo mama mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi letu akiningoja.