Mzinga Usio na Nyuki

Sisi tuliokulia Johannesburg miaka ile wazazi wetu waliporudi kutoka uhamishoni, baridi tuliijua kwa magoti. Nyasi za Troyeville ziliamka nyeupe kwa sakitu, nasi tulikwenda shule kwa miguu, midomo ikitoa mvuke tukijifanya tunavuta sigara. Gwinya la moto, andazi la kule, lilikaa mfukoni, kwanza lipashe mikono, kula baadaye. Wanangu hupelekwa kwa gari, na bado wanasema baridi itawaua!

Tuliishi kwa bibi, mama yake baba. Mama yangu ni wa Morogoro, na ule ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika nyumba ya mkwewe. Alifagia uwanja kabla hajaambiwa. Alitaka kitu kimoja tu, bibi amkubali.

Kwenye mpichi wa uani lilining'inia gogo kavu la mkonge lenye tundu dogo. Kwao Mama, gogo lililotundikwa mtini ni mzinga, hakuna mjadala. Nami nilikuwa nakohoa, na dawa aliyoijua ni asali. Jioni moja, bibi akiwa kanisani, Mama alijifunga kanga kichwani, akawasha matambara, akapuliza moshi tunduni.

"Kaa mbali, nyuki hawana undugu," aliniambia. Nikakaa mbali, nimeshika sufuria ya kutilia asali.

Wakatoka ndege. Wadogo, wenye nyuso nyekundu, wakiyumba mmoja baada ya mwingine hadi wakapotelea juu ya mapaa. Bibi aliporudi, moshi ulikuwa bado unafuka.

"Hawu, makoti, mke wa mwanangu! Umewafukuza ndege wa mume wangu?"

Babu ndiye aliyelitundika kabla hajafariki. Ndege wale hulala humo wakati wa baridi, wamebanana, wakipashana joto. Wakilala nje, alisema bibi, huenda asubuhi wasiione. Kisha akaingia chumbani kwake. Afadhali angegomba. Mama alilia jikoni, na chakula kikaungua.

Kesho yake alilishusha gogo, akalianika juani, akalirudisha. Jua lilipoelekea kutua tukasimama dirishani sote watatu. Akaja mmoja. Akachungulia, akarudi nyuma, akachungulia tena kama mteja anayemshuku samaki wa jana. Akaingia. Wakafuata wenzake, hadi wa mwisho, aliyehangaika na mkia nje mpaka wakampisha.

"Zonke," bibi alisema kwa Kizulu. Wote.

Mama aliketi sakafuni palepale, akacheka huku machozi yakimtoka. Alikuwa ametua mzigo wa mwaka mzima. Bibi akamwinua, akamfunika blanketi lake mwenyewe.

"Siku nyingine uliza kwanza, mwanangu, ndipo uwashe moto."

Jamani, hadi leo nikikumbuka nashusha pumzi.

Siku hizi kwangu kila chumba kina hita, na kila mtoto amefunga mlango wake. Nashukuru, hakuna anayetetemeka. Ila magharibi ikiingia hujikuta nimesimama koridoni, nikingoja hata mmoja atoke.