Nilivyomtabiria Urubani

Miaka niliyofundisha vijana kurusha ndege jeshini, nilijivunia jambo moja: nikikaa na kijana siku tatu tu, najua kama atamaliza mafunzo au atarudishwa kwao. Siku ya nne ya kila kozi niliandika utabiri wangu kwenye daftari. Wenzangu walinicheka mwanzoni, mwishoni wakanyamaza. Maringo hayo nilistaafu nayo, nikaja nayo hapa Kakese kulima mpunga.

Kwa hiyo binti wa dada yangu alipoitwa kwenye usaili wa marubani, niliagiza aje kwangu upesi kutoka Magamba. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na kupitia kambi ya jeshi, na umri ulimruhusu kujaribu mara hiyo moja tu. Nilimpa gunia la mahindi apukuchue, nami nikakaa kitini nikimrushia maswali: kimo, mwendo, upepo, mafuta. Mikono ifanye kazi moja, kichwa nyingine. Ndivyo nilivyowapima wote.

Wiki mbili nzima hakukosea hata jibu moja, wala mikono haikusimama. Nikampigia simu mama yake. "Huyu ni rubani tayari," nikamwambia. Dada akaitangaza habari kwenye jumuiya, wakamwombea kwa jina, na mimi sikumzuia. Nilijiona nabii.

Alirudi kabla mwezi haujaisha. Hakuchaguliwa.

Nilichukia, sifichi. Nilimpigia mwenzangu wa zamani aliyekuwa kwenye usaili ule, nimeshaandaa maneno makali. Akaniacha niyamalize.

"Kichwa anacho," akasema. "Ila tulimkalisha kwenye chumba cha kuigizia ndege, mwalimu akasoma kimo vibaya kwa makusudi. Mlima uko mbele. Binti akakaa kimya mpaka tukaugonga."

Nikamwita binti sebuleni. Mama yake naye alikuwa amekuja, yuko jikoni anasonga ugali.

"Hukuona kwamba kimo si chenyewe?"

"Niliona, mjomba."

"Sasa mbona hukusema?"

Akatazama chini. "Alikuwa mtu mzima. Nikajua ana sababu yake."

Hasira ikanipanda. Nikafoka kwamba upuuzi huo hakuutoa kwangu, maana kwangu alijibu kila swali na hakukosea hata mara moja. Akainua uso.

"Kuna siku ulisema upepo unatoka kaskazini, unatusukuma kwenda kaskazini. Nikajibu tugeuze pua kusini. Ukasema safi."

Upepo unaotoka kaskazini humsukuma mtu kusini. Hata anayepepeta mpunga uwanjani analijua hilo. Nilikosea mimi, labda kwa uchovu, labda kwa uzee, na yeye akakosea pamoja nami kwa heshima. Nikamwuliza ilitokea mara ngapi.

"Sikuhesabu, mjomba."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtoto. Siku zote zile sikuwa nikimpima yeye. Nilikuwa nikisikiliza sauti yangu mwenyewe ikinirudia. Nikawakumbuka na wale wa zamani. Ni wangapi niliwapa alama nzuri kwa kuwa tu hawakunibishia? Na wale wabishi niliowarudisha makwao, wangapi walikuwa marubani wa kweli? Sina wa kumwuliza.

Dada akaingia na jagi la maji ya kunawa. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Nyie wanajeshi mnatakaga nini kwa mtoto?" akaniuliza. "Jumuiya nzima inaniuliza kosa lake nini, na mimi sijui niwaambie nini."

Nilishindwa kumtazama. Nikamgeukia binti. "Mwambie mama yako kosa lilikuwa la nani. Sema kweli, usiniogope." Nilitamani kwa moyo wangu wote anitaje.

Akalipokea jagi mikononi mwa mama yake, akaanza kuninawisha.

"Kosa ni langu, mama," akasema. "Mjomba alinifundisha vizuri."