Bodi Mpya, Lori Kuukuu

Jirani yangu wa Mtambile alinunua toleo jipya la lori lake la mashindano, lile la kuendeshwa kwa rimoti, akadai lina kasi kuliko la zamani. Nikamwambia wamebadilisha rangi tu. Alipokwenda kutia udhu, nikazibadilisha bodi za malori yale mawili: ganda la jipya nikalivika la zamani, na la zamani nikalivika jipya.

Baada ya sala tukayashindanisha kwenye sakafu ya kuanikia karafuu. Wenzetu wakalisifu lililovaa bodi mpya: “Shehe, angalia linavyokata kona.” Nikacheka moyoni, mpaka lenye bodi kuukuu likaliacha mbali.

Jirani akakaa juu ya majamvi yaliyokunjwa, uso umemshuka. “Basi kesho nalirudisha dukani.”

Ningenyamaza, ningebaki mshindi wa ubishi. Nikaungama.

Akanitazama. “Kwa hiyo jipya ndilo lililoshinda. Hebu sema tena, wasikie wote.”