Uso Namba Kumi na Saba

Kwa miaka sita nilikuwa nikiorodhesha nyuso za mawe zilizochongwa kwenye kuta za majengo ya zamani ya Toronto. Katika daftari langu kila uso una namba, mahali ulipo, na hali ya pua, maana pua ndizo hutangulia kuliwa na baridi. Nyumbani hakuna aliyetaka kusikia habari hizo. Kwa hiyo wazee wa kanisa letu la Kiswahili, pale kwenye makutano ya barabara za Jane na Finch, waliponiruhusu kuwatembeza waumini baada ya ibada, nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Wakipenda, ziara ingekuwa ya kila mwezi. Wasipopenda, daftari lingerudi kabatini.

Walikuja kumi na mmoja, na wa kumi na mbili alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye sikumwalika. Tulisimama mbele ya jumba la zamani la manispaa, nikaanza na aina za mawe. Nilipofika kwenye mawe ya mchanga, mama mmoja alikuwa kwenye simu akimwelekeza mwanawe kupasha maharage, na wawili walikuwa wameshaketi.

Ndipo shemeji akanyoosha kidole juu ya nguzo.

"Shemeji, walipokuchonga hapa ulikuwa umeshiba au umekasirika?"

Ulikuwa uso namba kumi na saba: mashavu yamefura, masharubu yameinama, kinywa wazi. Nilikuwa nimeuchunguza mara nyingi bila kuona lolote. Nikaeleza kwa utulivu kwamba masharubu yale ni ya mtindo wa kale.

"Na hicho kinywa? Hapo anaeleza aina za mawe."

Maharage yalisahauliwa. Walinipiga picha mmoja mmoja, nimesimama chini yangu mwenyewe. Kisha wakaanza kutafutana kwenye nyuso nyingine za ukutani: mwenyekiti wa kamati ya harusi akapatikana, kiongozi wa kwaya akapatikana mara mbili. Mzee mmoja akaniuliza mchongaji alikuwa na ugomvi gani na watu. Nikapata nafasi yangu. Husimuliwa, nilisema, kwamba msanifu wa jengo aligombana na madiwani, ndiyo maana wakachongwa vile.

"Kumbe walikuwa watani," mzee akasema, akaridhika.

Hilo sikuwa nalo daftarini. Nikaliandika.

Jumapili iliyofuata tangazo lilibandikwa mlangoni: ziara ya nyuso, kila mwezi. Kiongozi, shemeji. Jina langu lilikuwa chini, kwenye orodha ya vitu vya kutazamwa.