Madirisha Yasiyofunguka

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Thika, sikupewa meza wala kiti. Nilipewa kiberiti na dawa ya mbu, ile ya kijani iliyojiviringa kama konokono. Mkaguzi Mkuu wa Afya, mzee mrefu aliyeongea kama anayelipia kila neno, alinipeleka katika makazi ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja. Tuliingia chumba kilicholaza wanaume wengi kuliko vitanda, akaniambia niiwashe ile dawa.

"Unaona nini, Wafula?"

"Moshi, mzee."

"Moshi kila mtu anaona. Unaenda wapi?"

Haukuwa ukienda popote. Ulipanda mpaka kwenye dari, ukatanda, ukakaa hapo hapo.

"Hii hewa imelala," akasema. "Mmoja akikohoa jioni, mwenzake anaivuta asubuhi."

Chuoni nilikuwa nimefundishwa mpitisho wa hewa, yaani hewa iliyotumika itoke na mpya iingie, kwa michoro mizuri ya ubaoni. Mzee yule alinionyesha kwa dawa ya mbu, na tangu siku hiyo sikukagua jengo bila kuiwasha. Watu walinicheka sana. Wengine waliniita mganga, wengine daktari wa madirisha, nami nilizoea.

Nyinyi vijana mnaosoma haya, naomba mnielewe jambo moja kabla sijaendelea. Mgonjwa wa kifua kikuu akikohoa, akiongea au akiimba, hutoa vitone vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Vile vizito huanguka. Vile vyepesi hubaki vikielea, kama harufu ya kitunguu inavyobaki jikoni mpishi akiwa ameshaondoka. Ukiingia chumba hicho, huhitaji kumgusa mgonjwa wala hata kumkuta. Unachohitaji ni kuvuta pumzi tu. Ndiyo maana sheria ilitaka kila chumba kiwe na dirisha linalofunguka, na juu yake matundu ya hewa yasiyozibwa.

Sasa nenda Thika mwezi wa saba, baridi ikiwa imekolea, ukaone hayo matundu. Yalijazwa magazeti, gunia, sweta kuukuu, chochote kilichopatikana. Nilikuwa nikiyazibua, na nikigeuka kona yanazibwa tena. Mama mmoja mwenye mjukuu mgongoni aliniwakia nikiwa bado juu ya stuli yake mwenyewe.

"Ngai! Wewe unataka huyu mtoto auliwe na numonia? Kwenu magharibi hakuna baridi. Enda ukafungue huko kwenu!"

Nilimpa somo lote la vitone. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa chai, na nilipotoka nikamsikia akirudisha gazeti. Serikali ilikuwa imenituma na tundu la hewa, haikunituma na blanketi.

Baadaye nilihamishiwa Ruiru. Mji ulikuwa umeanza kufura, nyumba za kupangisha zikiota kila mahali, mtaa wa Gitothua hasa. Kwenye ramani kila chumba kilikuwa na dirisha. Ukienda kwenye ploti unalikuta dirisha kweli, ila limetazamana na ukuta wa jirani, na mkono haupiti katikati. Mkuu wangu wa pili, Afisa wa Afya wa eneo, alikuwa na jibu moja kwa malalamiko yangu yote.

"Ramani iko sawa, Wafula."

"Lakini bwana mkubwa, nyumba haiko sawa."

"Sisi tunapitisha ramani."

Katika miaka hiyo ndipo nilipomjua Sista Njoki. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu katika kituo cha afya ambacho sitakitaja. Kliniki yenyewe ilikuwa veranda: paa la mabati, benchi ndefu, na upande wa mbele hakuna ukuta kabisa. Njoki aliwakaripia wagonjwa wake kama watoto wake wa kuzaa, na Jumapili aliimba alto kanisani kwa sauti ya kukusimamisha njiani. Nilipowasha dawa yangu pale verandani, moshi ulipotea kabla sijauona vizuri.

"Sista, hii ndiyo kliniki bora kuliko zote nilizokagua."

"Haiya! Hii? Wafula, wacha mzaha. Mvua ikinyesha tunalowa sisi na madawa."

Kisha wafadhili wakaja na jengo. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo: vigae vinavyong'aa, viti vyenye mgongo, vioo vikubwa kuanzia kiunoni hadi darini. Hakuna hata kioo kimoja kilichofunguka. Ukutani walitundika AC, mashine ile ambayo watu wengi hudhani huleta hewa kutoka nje. Hii yetu haikuleta. Ilichukua hewa ile ile ya chumbani, ikaipoza au kuipasha moto, ikairudisha. Siku chache kabla ya uzinduzi niliwasha dawa yangu humo ndani, na moshi ukazunguka chumba kizima kisha ukanirudia usoni.

Daktari Msimamizi wa kituo alinikuta nikiutazama.

"Wafula, toa huo uganga wako hapa. Wageni wanakuja."

"Daktari, hawa ni wagonjwa wa kifua. Tupate hata madirisha mawili ya kufungua."

"Tuanze kutoboa jengo la watu kabla halijazinduliwa? Wafadhili watatuonaje?"

Nilimwandama mpaka kwenye gari lake. Aliniambia kazi yangu ni vyoo na mahoteli, nimwachie hospitali. Njoki hakuniunga mkono, na sikumlaumu. Kwa mara ya kwanza wagonjwa wake walikuwa wamekaa kama watu wa benki, na alifurahi kwa niaba yao.

Nilimwomba jambo moja tu: mlango wa mbele na wa nyuma iwe wazi wakati wote kuna wagonjwa. Alikubali, na kwa miezi kadhaa alifanya hivyo. Ndipo baridi ikaja na mashine ikaharibika. Nilipita asubuhi moja nikakuta milango yote miwili imefungwa, vioo vimeota ukungu wa pumzi za watu, na Njoki katikati yao akigawa vidonge.

"Angalia vile wamekonda," akaniambia. "Baridi inawaingia mpaka kwa mfupa. Jua likitoka nitafungua."

Nilifungua mwenyewe. Nina hakika alifunga nilipoondoka.

Alipoanza kukohoa alisema ni vumbi. Vipimo vilisema kifua kikuu sugu, kile kinachokaidi dawa za kawaida. Siku hizo tiba yake ilikuwa na sindano za kila siku kwa miezi mingi, na sindano hizo zilikuwa na tabia ya kula masikio. Kwanza yalimvumia, kisha sauti zikawa mbali, kisha zikaisha. Alipona kifua. Jumapili moja alipanda tena kusimama na kwaya, akatazama midomo ya wenzake ubeti mmoja, akashuka mwenyewe bila kuambiwa. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Sijawahi kumchukia binadamu kama nilivyomchukia Daktari Msimamizi siku hiyo.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi daktari huyo alisema ni bahati mbaya ya kazi. Nilisimama nikamwambia si bahati, ni vioo vyake. Muda si mrefu nikarudishwa Thika kukagua machinjio, na huko ndiko nilikomalizia utumishi wangu, nikipiga mihuri nyama.

Korona ilipokuja nilidhani sasa watasikia. Kila mlango uliwekewa mtungi wa maji na sabuni. Watu walinawa mikono vizuri kabisa, kisha wakaingia kujifungia chumba kisicho na hewa. Kuna wakati hata wakubwa walianza kutaja madirisha, na simu yangu ikalia. Hofu ilipopoa, madirisha yakafungwa na simu ikanyamaza. Nina hasira, na sioni haya kusema. Watu huniambia mzee, umestaafu, pumzika. Nitapumzika wapi, na kituo kile kile cha Njoki ndicho kinachonipa dawa za presha?

Juzi nilipita pale. Vioo ni vile vile. Kwenye meza ya Njoki ameketi muuguzi msichana, mchangamfu, barakoa iko kidevuni. Wagonjwa walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti. Nilisukuma mlango nikauacha wazi makusudi.

"Guka, sasa tufungie mlango," akasema kwa upole, kama anayemwita babu yake. "Hawa watu wangu wanaskia baridi."

Nilikaa naye nikamweleza yote, vitone, mashine, na yule aliyekalia kiti hicho kabla yake. Alinisikiliza kwa heshima. Alisema, "Asante sana, guka, sikuwa najua." Alimaanisha, niliona. Nilipofika getini nikatazama nyuma, mlango ulikuwa umefungwa.

Nilienda moja kwa moja hadi Gitothua kwa Njoki. Siku hizi husoma midomo, kwa hiyo nilimsimulia polepole, nikimtazama usoni. Aliniuliza kama kweli nilimwonya yule msichana, na kama niliona ameniamini. Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata mimi uliniambia, Wafula," akasema, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Na nilikuamini."