Mpogoaji wa kahawa anayekataa kuni

Umande bado haujakauka Chonyonyo, wilayani Karagwe, na Sperancia Uwiduhaye amepiga magoti chini ya mbuni mmoja kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Upande mmoja wa mti ni kijani. Upande wa pili umekauka, na punje zake nyeusi zimeng'ang'ania matawini. Anakwangua gome la shina kwa ncha ya kisu. Ndani kuna michirizi ya rangi nyeusi.

"Baba, huu umekwisha, ni wa kung'oa," anamwambia mwenye shamba, Mzee Alistides Nuwagaba.

"Umekwisha wapi? Si unazaa upande huu? Kata hayo makavu, utuachie mazima."

Sperancia hakati. Anauweka msumeno chini.

Kazi yake ni kupogoa mibuni ya watu. Anaondoa maotea, yale machipukizi yanayonyonya shina, na matawi yaliyochoka, na analipwa kwa kila mti. Zamani aliweza kumaliza mibuni sitini kwa siku. Sasa akifika thelathini anashukuru Mungu, kwa sababu kila akihama mti anaupitisha msumeno kwenye makaa anayotembea nayo ndani ya kopo la rangi.

Anachokiogopa ni mnyauko fuzari, ukungu unaoingia kwenye mbuni kupitia kidonda cha panga, jembe au msumeno. Ukishaingia unaziba njia za maji, na mti unakufa kwa kiu huku mvua inanyesha.

"Kisu cha migomba, kila mtu huku anajua kukichoma," anasema. "Tulifundishwa miaka ile migomba ilipokuwa inanyauka. Lakini msumeno wa kahawa? Nani angefikiria! Tuliona kahawa ni mti mgumu."

Kuna pia suala la kuni. Kwa desturi, mpogoaji haondoki mikono mitupu. Jioni hujitwika mzigo wa matawi makavu kupeleka nyumbani. Sperancia alifanya hivyo miaka mingi. Kuni alizipanga katikati ya mibuni yake, nje kidogo ya Rubwera, wilayani Kyerwa, ambako anaishi na mumewe Fidele. Mibuni ya karibu na kuni ilianza kunyauka, ikafuata iliyopakana nayo, mpaka mibuni yake yote arobaini ikaisha.

"Nilijiletea mwenyewe, kichwani," anasema, na sauti inashuka. "Tena nikiimba."

Leo pale pamebaki maharage. Kuni hachukui tena, na wapo wanaosema anaringa. Wiki iliyopita mwenye shamba mmoja alimfukuza. Alimwambia alimwita kupogoa, si kuzika.

Margreth, mke wa mzee, anatokea jikoni na kamba mkononi.

"Kama unang'olewa, kuni zangu hizo. Kahawa inawaka vizuri, haikutoi machozi."

"Hapana, mama. Tunauchoma hapa hapa, na mizizi yake. Ukiuburuta tu, unapanda ugonjwa njia nzima."

"Eti hapa hapa! Na maharage yangu utayaivisha kwa maneno, binti?"

Anacheka mwenyewe. Mzee hacheki. Anatazama nyuma ya mti ule, ambako mibuni yake zaidi ya mia, bado kijani, ndiyo inayoilisha nyumba hii.

"Huu aliupanda baba yangu," anasema hatimaye.

"Na ile kule, baba, nani aliipanda?"

"Mimi."

"Basi tuiokoe ya kwako."

Mzee anachukua jembe na kuanza kuchimba yeye mwenyewe, akikataa kusaidiwa. Mti unapolala, Margreth anaitupa kamba yake juu ya majani makavu na kwenda kuleta kiberiti.

Moshi unapopanda, Sperancia anaeleza mpango wake. Ardhi yake ikishapumzika vya kutosha, atapanda miche ya vikonyo, inayooteshwa kwa vipande vya mti mama, ya aina inayostahimili mnyauko. Fidele ameshaahidi kuchimba mashimo. Ila anajua haitafaa kitu kama jirani anaendelea kuficha mti mgonjwa. Anatamani kilima kimoja tu, watu wote wakubali kung'oa na kuchoma, wengine waje waone.

"Kesho nenda kwa Gaspari hapo chini," mzee anamwambia, macho yake yakiwa bado kwenye moto. "Ana miwili ya hivi. Mwambie nimekutuma mimi."

"Atakubali, baba?"

"Atabisha sana. Mwache abishe, halafu mwombe jembe."