Lenzi Niliyoijaribia Mlimani

Siku dada yangu mkubwa aliposhuka kutoka Uluguru, kamera yangu haikuwa na lenzi. Ile ya zamani iliota kuvu ndani ya kioo wakati wa masika, nami kwa ujinga wangu nikaikwangua, nikaimaliza kabisa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kizingitini bila kutua kapu lake la maharage.

"Wamemchukua," alisema.

Mwanawe, mpwa wangu, alikuwa amekamatwa gulioni pamoja na wenzake, wakafungiwa bomani wawe wapagazi katika vita vya Wajerumani. Wangeondoka baada ya siku mbili. Kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba, kwa hiyo dada alikuja kwangu, hakwenda kwa baba wa mtoto.

"Kumtoa najua huwezi. Basi nipatie sura yake, nisije nikaisahau."

Nilimwambia atapata. Nilisema hivyo kama ninavyowaambia wateja wanaokuja kupigwa picha.

Mhindi mwenye duka karibu na stesheni alikuwa na lenzi mbili, mali ya mpima ardhi mmoja Mzungu aliyekufa kwa homa. Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye kioo kipana kinachoingiza mwanga mwingi, na hata mtu anayetembea ungemnasa. Ila pembeni picha zake zilififia, na bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya mwenzake. Ya pili ilikuwa ndogo, ya bei nafuu, ya kufanyia kila kazi: uso, nyumba, barabara. Kasoro yake ni uvivu. Ilikutaka uondoe kifuniko, uhesabu moja, mbili, ndipo ufunike.

Mhindi aliniruhusu kuzijaribu barazani kwake. Nikazielekeza mlimani, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa: lenzi hupimwa kwa kitu cha mbali chenye mambo mengi madogo. Nilipoziosha picha, ile kubwa ilinipa mlima uliolainika kama mhogo ulioiva kupita kiasi. Ile ndogo ilinipa kila mti, na vijia vya kwendea mashambani, na paa la kanisa la misheni. Niliipenda papo hapo, na hadi leo naona haya kulisema hilo.

Ile kubwa ningeweza kuinunua. Nilikuwa na mbuzi watatu kwa dada, niliowaweka kwa ajili ya mahari ya mpwa wangu. Nikajiambia mbuzi wa mahari hawauzwi. Nikajiambia pia kwamba wapagazi husimamishwa mbele ya soko wahesabiwe, nilikwisha kuwaona mara nyingi, na mtu aliyesimama hahitaji lenzi ya haraka. Rahisi ni ghali, watu husema, na mimi mwenyewe niliwaambia wateja hivyo kila walipolalamikia bei. Nikanunua ile ndogo.

Siku ya kuondoka kwao nilisimamisha miguu mitatu ya kamera mbele ya soko. Dada alikataa kuja. Alisema akimwona mwanawe atamshika, na akimshika watampiga.

Hawakusimama. Siku hiyo walikuwa wamehesabiwa bomani. Walikuja mbio mbio, mizigo kichwani, na mpwa wangu alikuwa wa nne. Nikamwita. Aligeuka, akasema, "Mjomba!" kana kwamba tumekutana tu njiani, na hakupunguza mwendo kwa sababu hakuruhusiwa. Nikaondoa kifuniko. Moja, mbili. Nikafunika. Alikuwa amekwisha kupita.

Picha ilitoka safi sana. Magunia ya mtama yalionekana, na mbwa aliyelala, na askari aliyekuwa amesimama pembeni akiwapigia kelele, hadi vifungo vya koti lake na kovu la shavuni. Mpwa wangu alikuwa doa la kijivu lenye mzigo juu yake. Uso haukuwapo.

Dada aliiinamia kwa muda mrefu, kisha akapitisha kidole juu ya lile doa.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Na huyu aliyesimama?"

"Askari. Ndiye aliyewapeleka."

Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Aliifunga picha ndani ya kaniki yake, akasimama.

"Basi huyu ndiye nitakayemwuliza."

Askari alirudi baada ya wiki chache, bila wale wapagazi. Kila siku ya gulio dada alishuka, akamngoja mbele ya boma, akamwonyesha lile doa na kumwuliza mwanawe yuko wapi. Yule askari hakuwa mtu mkali. Kila mara aliichukua picha kwa mikono miwili, akaitazama vizuri, akamrudishia.

"Mama," alimwambia, "humu namwona mtu mmoja tu, na ni mimi."